Bi Kiwiko Analitaka Bakuli la Rais

Saa nne na nusu asubuhi, jiko la umma limejaa moshi na maneno. Bi Kiwiko anafunua sufuria lake la maharage, anaonja kwa ncha ya upawa, anafumba macho kama mtu anayenong'onezwa siri, kisha anaongeza chumvi. Hatua chache kutoka hapo, wifi yake naye anaonja la kwake.

"Chumvi imekolea, wifi?" anauliza Bi Kiwiko.

"Ya kwangu imekolea. Ya kwako sijui, mimi si ulimi wako."

Leo rais anakuja kula hapa. Bi Kiwiko ameapa kwamba safari hii bakuli la rais litajazwa na upawa wake, liwalo na liwe.

Ana umri wa miaka hamsini na minane, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na gazeti. Rais alipokuja mara ya kwanza, mwaka jana, alipigwa picha akimnyooshea bakuli huyo wifi, na wifi akicheka meno yote nje. Nyuma yao, pembeni kabisa, kinaonekana kiwiko cha mtu anayekwangua sufuria tupu.

"Ndicho hiki," anasema, akikunja mkono kukionyesha. "Chenyewe kinajulikana nchi nzima. Mwenye nacho, wala."

Wifi aliiwekea picha fremu akaitundika sebuleni, palipokuwa na picha ya harusi yake. Ya harusi imehamia chumbani. Bwana harusi hakuulizwa.

Siku ile wifi alimwuliza rais, "Niongeze?" Rais akajibu, "Inatosha, dada." Basi, hayo tu. Lakini katika mwaka ambao kila mtu alikonda, mazungumzo hayo yalinenepa. Kwanza rais alikuwa amemshukuru. Baadaye alikuwa amemwomba ushauri. Sasa ukimsikiliza wifi, benki zilifunguliwa tena kwa sababu yeye alimwambia, "Mheshimiwa, fungua benki."

"Mimi nilikuwa nimesimama pale pale," anasema Bi Kiwiko. "Labda aliambiwa kwa macho."

Wote wawili walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Ukata ulipoingia, kiwanda kilifunga lango asubuhi moja, watu mia sita wakabaki barabarani na vifurushi vyao vya chakula cha mchana. Benki zikafuata. Mume wa Bi Kiwiko, fundi baiskeli, alikaa wiki nzima bila kuziba pancha hata moja. Watu walikuwa wakizikokota baiskeli zao ili tairi zisiishe.

Nchi ikiwa hoi hivyo, ndipo rais huyu alipoingia madarakani. Alikata mshahara wake nusu, akauza magari ya msafara, na fedha hizo zikafungua majiko ya umma. Wapishi wanalipwa nusu ya mshahara wa kiwandani na unga wa wiki. Kisha akatoa amri iliyowachefua mawaziri: kila mkubwa aje kula humo, tena asimame mwisho wa foleni. "Mkubwa akila wa kwanza," alisema, "atajuaje kama chakula kimefika mwisho?"

Wapo waliosema ni maigizo. Bi Kiwiko habishi.

"Ni maigizo, ndiyo. Lakini haya yana maharage. Yale ya zamani tulipiga makofi tukarudi nyumbani na njaa yetu."

Kilichomponza yeye ni huko rais kuwa mwisho. Jikoni hapa sufuria moja hufunguliwa kwanza, likiisha ndipo linafunguliwa la pili. Tangu siku ya kwanza, Bi Kiwiko alidai la kwake litangulie, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Akapewa heshima yake. Rais alipofika mbele, heshima ilikuwa imebaki ukoko.

Kwa hiyo jana alimwendea wifi kwa sauti laini kama mafuta. "Wifi yangu, mgongo huu... Kesho tangulia wewe."

Wifi alimtazama sana. "Leo umeamkia upande gani?"

"Upande wa mapenzi, wifi."

Mume alipoulizwa anamuunga mkono nani, alikaza nati ya baiskeli ambayo tayari ilikuwa imekaza. "Mimi simo. Yule dada yangu, huyu mke wangu. Nikimsifu huyu, ukoo unanisusa. Nikimsifu yule, nalala nje."

Saa sita, sufuria la wifi linafunguliwa. Bi Kiwiko anachungulia dirishani, na uso wake unasawijika.

Kwa kawaida foleni hutoka langoni, ikapita kwa kinyozi, ikakunja kona kwenye duka la vyombo. Watu mia nne siku mbaya. Leo mkia wake uko hapo hapo langoni.

"Watu wako wapi?" anafoka. "Leo ndiyo wameamua kushiba?"

Anafuta mikono, anatoka nje. Anamkuta kinyozi na wateja wawili.

"Nyie, njooni mle! Maharage ya leo hayajawahi kutokea!"

"Tumeshakula, mama," anajibu mteja mwenye povu kidevuni. "Hukusikia? Kiwanda kimefunguliwa tena, zamu ya asubuhi imeanza leo. Wengi wako kazini."

"Kula kazini na kula hapa kunagombana? Tumbo lina kufuli?"

Anarudi peke yake, midomo ikicheza. Wifi, upawa mkononi, anamwuliza kwa sauti ya chini:

"Wifi, unaombea watu njaa?"

Bi Kiwiko anarudi kwenye sufuria lake, anakifuta kifuniko.

Rais anafika kwa miguu, shati la mikono mifupi, bakuli la bati mkononi, anasimama nyuma ya mzee mmoja mwembamba. Foleni inasogea. Bi Kiwiko anahesabu vichwa kwa macho na kulisikiliza sufuria la wifi. Upawa unaanza kugonga chini. Zamu ya mzee inafika.

"Muongezee mzee," anasema Bi Kiwiko, huruma imemjaa ghafla. "Muongezee, wifi, mtu mzima huyo!"

"Nimeshiba kwa macho, binti yangu," anasema mzee, akifunika bakuli lake kwa kiganja.

Wifi anainamisha sufuria, anakwangua, anamimina. Bakuli la rais linajaa hadi ukingoni. Ndani ya sufuria haibaki hata punje.

"Mara ya pili, wifi," ananong'ona, meno yote nje.

Rais anageuka. "Na hilo?"

"Halijafunguliwa, mheshimiwa," anajibu Bi Kiwiko haraka, akiegemea kifuniko. "Lakini nalifungua sasa hivi! La leo..."

"Usilifungue, mama. Tafadhali." Rais ameweka bakuli chini. "Nimezunguka majiko haya mwaka mzima nikilitafuta sufuria lililobaki limefunikwa, foleni imekwisha. Lipelekeni hospitali lilivyo. Lakini kwanza lipigwe picha."

Wapiga picha wanasogea. Bi Kiwiko ananyoosha kitambaa cha kichwa, anainua kidevu.

Gazeti la kesho yake linatoa picha hiyo ukurasa wa mbele, kubwa, safi. Sufuria limetokea lote. Kifuniko kimetokea chote. Na juu ya kifuniko, kiwiko.

"Ningemchapa yule mpiga picha na huo upawa," anasema, gazeti magotini. Analiangalia tena. "Lakini sufuria limetoka vizuri. Ningelifungua, lingekuwa maharage tu."

Mwisho wa mwezi jiko litafungwa. Wifi ameitwa kiwandani. Bi Kiwiko naye ameitwa, amekataa. Ameshapata kibanda cha kuuzia chakula jirani na kinyozi, na mumewe anagonga misumari ya meza ya tatu. Wifi amejitolea kuleta ile picha yake itundikwe ukutani, ivute wateja.

"Ailete. Ikae nyuma ya mlango," anasema Bi Kiwiko.

Na rais?

"Mwandikie aje. Mwambie kwangu hakuna foleni. Anakaa kitini, nampakulia mpaka yeye mwenyewe aseme basi, na analipa kama mtu yeyote." Anageuza shavu la kushoto, analipapasa kwa kidole. "Na mpiga picha asimame upande huu."