Shikamoo ya Tumbili

Mjukuu wangu wa miaka minne alikuja likizo Mwanza na mama yake na dada yake, na tangu afike hakuwahi kuniamkia. Niseme wazi kwamba iliniuma. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kila asubuhi darasa zima lilisimama kunipa shikamoo, hata watoro. Shikamoo yenyewe mtoto alikuwa anaijua. Jirani anaamkiwa. Mama muuza samaki anayepitisha sato mlangoni anaamkiwa. Mimi ananitazama usoni, anasema "Niaje," kisha anaendelea kula chapati yangu.

"Baba, mwache tu, atazoea," binti yangu alisema.

Atazoea lini, na basi lao la Dar linaondoka stendi ya Nyegezi kesho alfajiri? Nilibakiwa na siku moja, na siku hiyo dada mtu, aliye darasa la tatu, akaomba niwapeleke kuona nyani.

Nyuma ya nyumba yangu kuna majabali yanayoshuka mpaka ziwani, na humo wanaishi tumbili. Nilikubali haraka, maana ualimu ni ugonjwa usiopona. Njiani nikawaeleza kwamba tumbili si nyani, nyani ni mkubwa zaidi na uso wake umechongoka kama wa mbwa. Na sokwe hana mkia kabisa, ndiyo maana yuko karibu na sisi. Hapo binti yangu, ambaye ameokoka, alisimama.

"Baba, tusianze hayo. Usimwambie mtoto alikuwa nyani."

"Sijasema alikuwa. Lakini hata kwenye Biblia yako, wanyama si waliumbwa kabla ya Adamu?"

"Ndiyo."

"Basi hawa ni wakubwa zetu."

Alimshika mtoto mkono akaendelea na njia, nami nikatembea kifua mbele. Ushindi huo ndio ulioniponza.

Tulikuta tumbili dume amekaa juu ya jabali, nywele nyeupe zimeuzunguka uso mweusi, mikono magotini, kama mwenyekiti wa mtaa anayesubiri kikao. Mjukuu wangu alimtazama kwa muda. Akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo babu."

Babu! Na babu mwenyewe nimesimama nyuma yake!

Tumbili akajikuna kwapa. Mtoto akarudia kwa sauti zaidi. Tumbili akageuka, akatuonyesha makalio pamoja na mali zake za bluu, binti yangu akaziba macho.

Mtoto akaanza kulia, na si kilio cha kudeka. Kwetu shikamoo isiyoitikiwa si jambo dogo. Nawajua watu wazima waliosusiana misiba kwa sababu hiyo.

"Mbona hataki? Nimemkosea nini?"

Nilimwonea wivu tumbili, sitaficha, lakini machozi yale yalinishinda. Nikazunguka nyuma ya jabali, nikachuchumaa kwa magoti yangu haya mabovu, nikakoroma:

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

Kilio kikakatika. Nilimsikia dada mtu akianza kucheka, mama yake akamnyamazisha.

"Sijambo babu! Shikamoo tena!"

"Marahaba."

"Umekula?"

"Nimekula, nashukuru."

Tumbili aliinama kutoka juu, akanikodolea macho kwa mshangao wa haki kabisa. Sikumjali. Mtoto aliamkia, nikaitika, akaamkia tena, nikaitika tena, mpaka koo likanikauka. Nilikuwa na furaha ya kijinga ambayo sijaipata tangu nistaafu.

Mwishowe tumbili akaruka akaenda zake. Nikajikung'uta suruali, nikatokea upande wa pili kana kwamba nilikwenda haja. Mjukuu wangu akanikimbilia, akanishika mkono.

"Umemsikia? Kaitikia!"

"Nimemsikia. Na mimi je? Mimi huniamkii?"

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kwa huruma, akanipigapiga mkono.

"Usijali. Na wewe ukikua utaamkiwa."