Mumoja Akianguka, Bote Chini

Kataa ukitaka, mais miaka ya vita, pale Beni, batoto bakiwa bamekaa chini balishinda askari mwenye bunduki.

Tulikuwa saba, bana-patini, vile viatu vya magurudumu. Kocha wetu alikuwa ameshakimbilia Uganda, mais sheria yake ilibaki: mumoja akianguka, bote chini, hakuna kusimama kama yeye hajasimama. Bingwa nilikuwa mimi, hata musiulize.

Asubuhi moja tulifika ku barrière, kizuizi cha askari barabarani, tukiteleza. Askari akaonyesha kwa kidole miguu ya mudogo wetu, binti.

"Petite, leta hizo patini."

"Hapana, papa chef. Ni za kocha."

Akamusukuma, binti akaanguka. Palepale batoto bakakaa chini katikati ya goudron, ile barabara ya lami. Lori la viazi vya Musienene likasimama, halafu la pili. Badereva bakapiga honi.

"Musimame!" askari akafoka.

"Yeye kwanza, chef," mumoja akajibu. "Na yeye anasimama na patini zake."

Askari akatazama malori, akatazama bunduki, akatema mate. "Muende na vyuma vyenu!"

Binti akasimama, patini miguuni.

Bakomanda ba wakati ule balikuwa na redio na jeep. Nani kati yao alitiiwa kama kocha wetu, akiwa ng'ambo ya mupaka?

Bon, niseme na ile niliyoruka. Balikaa sita. Mimi nilikuwa nyuma ya lori la viazi, nimeshavua patini zangu, nimezishika mukononi, tayari kumupa askari.