Kizibo cha Mwisho wa Waya

Shule iliniacha Form Two, ama mimi ndio niliiacha, bado tunabishana. Kazi ya kusafisha ofisi nilipata hapa Eldoret, kwa kiwanda cha unga, na kwa mdomo wangu ungedhani mimi ndio injinia.

Ofisi ilikuwa na kompyuta sita. Tano hazikuwa na diski, ukiwasha hazijui hata zifanye nini. Zinaita ile ya sita, kubwa, seva, kupitia waya mmoja mweusi uliopita nyuma ya meza zote, na seva ndio inazipelekea programu ya kuamkia. Hayo alinifundisha dada mmoja aliyekuwa karani wa kompyuta pale ofisini. Mshahara wake ndio ulikuwa unalisha nyumba yao yote huko Kiplombe. Nilimwambia hizo tano ni ndugu zangu, haziamki mpaka ziamshwe.

Wiki hiyo mkubwa wa chama tawala alikuwa anakuja kuona kiwanda. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Mimi nikapewa ofisi, na meneja akasema kila chuma king'ae. Nikasugua vitasa, fremu ya picha ya Rais, mpaka mkono wa ndoo. Nyuma ya meza ya mwisho nikaona kizibo cha chuma kimefungwa mwisho wa ule waya, hakijashika kitu chochote. Nikakifungua, nikakisugua vizuri, nikakitia kwa mfuko wa ovaroli, nikaenda chai. Nikasahau.

Kesho yake mkubwa akaingia. Dada akawasha. Zile tano zikakaa tu, zinatafuta seva, haziioni. Akazima, akawasha tena, hakuna. Mkubwa akauliza kama hizi ni za kazi ama za maonyesho. Hakuna aliyecheka. Wanaume wawili wa makoti waliokuja naye wakaanza kuandika. Siku hizo kitu kikikataa mbele ya mkubwa hakisemwi kimeharibika; kuna mtu amekiharibu.

Ndio mkono wangu ukagusa mfuko, nikakumbuka kizibo. Nikainama kama naokota karatasi, nikakirudisha mwisho wa waya; kumbe bila hicho waya wote haupitishi kitu. Dada akawasha mara ya tatu, zote tano zikaamka. Nikajipongeza rohoni, nimemwokoa.

Mmoja wa wale wa makoti akamwambia polepole, "Kwa hivyo ulikuwa unaweza kuziwasha tangu mwanzo."

Wakampeleka kwa meneja. Nikafuata mbio, nikasema ni mimi, nilitoa kizibo. Lakini watu hao nilikuwa nimewachekesha miaka mitatu.

"Toka na vichekesho vyako," meneja akasema. "Form Two ilikushinda, kompyuta utaiharibu na nini?"

Hata yule wa koti alicheka. Nikaeleza tena, nikionyesha kwa vidole, wakazidi kucheka, wakafunga mlango.

Saa saba dada akatoka na mkoba wake. Amefutwa kazi, na kila Jumatatu aripoti kituo cha polisi. Nikamfuata hadi geti, nikamweleza yote.

"Ulitoa lini?"

"Jana, nikisafisha."

"Na ukarudisha kimya kimya."

"Niliogopa, dada."

"Ungerudisha wakikuona. Hapo wangekuamini hata wewe."

Akatazama dirisha la meneja, akanisukuma kidogo begani.

"Rudi ndani, wasikuone na mimi."

Nikarudi.