Nilijenga mashua ghorofa ya tatu Huruma, na siku maji yalipokuja haikutoka

Wakuu, salamu kutoka Huruma.

Nianze na ujinga wangu kabla hamjaniuliza. Nilipima balcony yangu kwa tape measure, mara mbili, nikaona mashua itapita vizuri. Halafu nikamlipa fundi aje aifunge hiyo balcony kwa grill ya chuma.

Mashua ikiwa ndani.

Hakuna mtu aliyenilazimisha. Nilikuwa na akili zangu timamu na cheti cha form four ukutani.

Haya yote yametokea kweli, sijatia chumvi. Watu wa ploti yetu wakisoma watanijua mstari wa pili. Pahali patakapowachekesha, chekeni. Mimi pia nilicheka sana mpaka siku yenyewe.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Natengeneza simu na redio mezani kwangu, wateja wananiletea, sina haja ya kutoka. Sijui kuogelea. Maji mengi niliyowahi kuingia ni ya beseni.

Lakini kwa ule uzi wetu wa vyombo vya ajabu vya majini, mimi ndiye nilikuwa nacomment kila picha. Yule jamaa wa raft ya chupa za soda, mimi nilimpigia makofi. Yule aliyegeuza tangi la mafuta likawa nyambizi, nilimuuliza maswali mpaka akaniblock.

Basi nikajenga yangu.

Mitungi kumi na sita ya plastiki ya lita ishirini, imefungwa kwa kamba chini ya mbao. Juu yake nusu ya tangi jeusi la maji, hicho ndicho chumba cha kapteni. Sakafuni nikatoboa dirisha, nikaweka kifuniko cha sufuria, kile cha kioo, ili nione samaki. Nyuma pedeli za baiskeli zinazungusha panga za feni.

Nyumba yangu ni bedsitter. Mashua ilikula sebule na chumba cha kulala, ambavyo kwangu ni kitu kimoja. Kitanda nilikiuza. Nikawa nalala ndani ya mashua.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mama Brayo. Mama huyu hana breki mdomoni. Kila asubuhi akipita na ndoo:

"Kapteni, bahari imefika wapi leo?"

"Iko Thika, Mama Brayo. Inakuja na gari la mchana."

Ploti nzima inacheka. Mimi pia.

Mtu mmoja tu hakuwa anacheka. Mzee Makokha.

Mzee alikuwa mtu wa reli, aliishi Makongeni miaka yake yote ya kazi. Alipostaafu akahamia nyumba ya mabati huku chini kwetu, karibu na mto. Kutoka balcony yangu naona dirisha lake. Mkewe alishatangulia. Miguu yake ilikuwa mibaya, lakini kila Jumamosi alipanda ngazi zangu zote, akipumzika kila ghorofa, ili aje kukaa ndani ya tangi na kikombe cha chai.

Kwao ni Budalangi. Alinieleza kwamba huko maji yakija watu hawakimbii ovyo. Unapanda juu ya meza, unangoja. Mwenye mtumbwi anapita boma kwa boma.

"Mwenye mtumbwi haachi jirani," alisema. "Hiyo kwetu haijawahi kutokea."

Siku alipoona grill mpya ya balcony, aliishika, akaitikisa.

"Kijana wangu, na mashua itapita wapi?"

Wakuu, kwenye hizi fleti ngazi ni nyembamba. Kochi likija linavutwa kwa kamba kupitia balcony. Hilo tangi lenyewe liliingia hivyo. Kwa hivyo swali la Mzee lilikuwa swali la mtu mwenye akili.

Nilimjibu: "Mzee, wezi wamebeba hadi viatu vya Mama Brayo. Siku ya safari Oti atakuja na grinder ya kukata chuma, dakika tano tumetoka." Oti ni fundi wa welding, karakana yake iko chini ya fleti yetu.

Mzee akanywa chai yake.

Sasa mvua.

Mnaijua ile mvua ya kunyesha mpaka ukuta unatoa jasho. Jumamosi jioni walipita watu na kipaza sauti, wakitangaza walio karibu na mto wahame. Binti yake Mzee, anaitwa Nekesa, alitoka Kayole kuja kumchukua. Nilikuwa hapo mlangoni kwake, nimemletea redio yake.

Mzee alikataa.

"Niende kubanana na watoto wako kwa nini? Huyu kijana ana mashua."

Nekesa akaniangalia. Ningesema neno moja tu. Ningesema, Mzee, enda.

Lakini nilivimba, wakuu. Mwaka mzima nimeitwa Kapteni kwa matusi, leo mtu ananiita kwa kunihitaji. Nikasema: "Usijali dada. Mimi niko hapo juu."

Usiku stima ikapotea, ploti nzima giza. Jumapili asubuhi nikaamshwa na kelele. Nikatoka balcony. Mto ulikuwa umepanda, uko katikati ya nyumba, maji ya rangi ya chai yanabeba milango na mabati na kuku.

Mzee alikuwa dirishani, juu ya meza, maji yanamfika kiunoni. Aliponiona nyuma ya grill hakupiga nduru. Aliinua mkono taratibu, vile alivyokuwa akinionyesha watu wa reli walivyokuwa wakiruhusu treni iondoke.

Oti alipanda mbio na vijana wawili. Grinder iko, stima hakuna. Akajaribu grill kwa msumeno wa mkono, akaona itamchukua asubuhi nzima. Akageuka akaangalia mashua.

"Boss, achana na hiyo kitu nzima. Kata kamba, tupee mitungi. Tutafunga huko chini."

Sehemu hii ndiyo niliyokuja kuandika, wakuu. Hayo ya grill ni ujinga tu. Hili ni lingine.

Nilisema: "Ngoja kwanza."

Nilisema tuiinamishe, itapita mlangoni kwa upande. Nilijua haitapita. Nilikuwa nimeipima. Lakini nilifikiria yale mafundo, niliyafunga moja moja kwa mikono yangu, na lile dirisha la samaki. Nikasema tena: "Inamisha kidogo, itapita tu."

"Boss, kuna mtu kwa maji!"

"Kidogo tu, Oti. Inua huko nyuma."

Tuliiinamisha kushoto. Tukaiinamisha kulia. Tukang'oa pedeli moja. Sijui dakika ngapi. Zilikuwa nyingi.

Oti aliiachilia ikaanguka, akatoka nje akitukana. Kwenye korido alimkuta Mama Brayo ameinama, anamwaga maji kutoka mitungi yake, yote minane. Maji ya mgao, tuliyapata Alhamisi, na mfereji hautoki tena mpaka Alhamisi nyingine. Hakuna aliyemwambia. Wakang'oa mlango wa choo cha ploti, wakafunga mitungi chini yake kwa kamba za kuanikia nguo.

Raft mbaya kuliko zote nimewahi kuona. Ingekuwa picha kwenye uzi wetu, ningeicheka.

Ilielea. Walimfikia Mzee maji yakiwa kifuani, ameshikilia redio juu ya kichwa.

Alitoka hai. Lakini mtu wa miaka ile, kwenye maji baridi muda ule wote. Kifua kilimshika siku hiyo hiyo.

Nilimtembelea hospitali mara moja. Aliniambia nisogee karibu.

"Mashua ilikwama wapi?"

Nikamwambia: "Kwa grill, Mzee. Stima ilikuwa imepotea."

Akatikisa kichwa, akanipigapiga mkono. "Stima ni kitu mbaya," akasema. Ananifariji mimi.

Sikumwambia habari ya mitungi. Nilijiambia nitamwambia akipata nguvu. Siku ya kumi na moja Nekesa alinipigia simu, Mzee ametuacha. Walimzika kwao Budalangi. Sikuenda. Nilisema sina nauli, na watu waliniamini kwa sababu wananijua sitoki nyumbani.

Somo, kwa sababu najua mtauliza somo. Kama unajenga chombo, jenga. Mimi sikatazi mtu. Lakini jiulize mapema kama uko tayari kukivunja siku mtu atakapokihitaji. Kama hauko tayari, usimwambie mtu yeyote kwamba una mashua. Hasa mtu anayetoka kwa watu wanaoamini neno kama hilo.

Mwenye la kusema aseme. Matusi nitasoma yote. Pole msinipe, nimepewa nyingi na watu ambao hawajui habari ya kamba.

Na msiniombe picha. Haipo.

Jana asubuhi nilichukua kisu cha jikoni nikakata kamba. Mitungi ikatoka mmoja mmoja. Mbao zikatoka. Tangi nikalipasua kwa msumeno, likatoka vipande viwili. Nimeshusha kila kitu kwa ngazi hadi nje. Kukata kamba na kutoa mitungi kulikwisha hata chai niliyokuwa nimeweka motoni haijachemka vizuri.

Mama Brayo alikuwa anapanda na ndoo yake. Akasimama kwenye ngazi kunipisha na mitungi ya mwisho. Akaiangalia. Akaniangalia. Hakuniita Kapteni.

"Kumbe ilikuwa inaweza kutoka."