Bibi Aliyeikalia Ngoma

Tangu niachishwe shule darasa la sita, mimi ndiye ninayetumwa kutoka nyumbani kwenda ofisi ya kijiji. Juzi nilikuwa pale na wanawake wenzangu tukisubiri majembe ya mgao, katibu akamwita bibi anayetunza ngoma yetu ya unyago.

"Shikamoo, bibi. Kesho wanakuja Wazungu wanaozunguka dunia kutazama sherehe za watu. Lete ile ngoma, wanawali wacheze uwanjani."

"Marahaba, Ndugu Katibu. Ngoma hii huchezwa ndani, kwa wanawake tu."

"Hii ni amri, bibi!"

"Basi anza kwa kumwita mama yako, aje aicheze mbele yako."

Wanawake walicheka. Mimi sikucheka, maana jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wachezaji aliyoishika katibu.

Kesho yake katibu aliwaleta wageni na kamera zao mpaka kwa bibi. Walimkuta barazani ameilaza ngoma, ameikalia. Katibu alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Bibi hakuinuka. Wageni wakampiga picha yeye, wakaenda zao.

Sasa katibu analalamika kwamba wageni hawakuuona utamaduni wetu. Waliuona, Ndugu Katibu. Ulikuwa umekaa juu ya ngoma, ukakataa kuinuka.