Akala za Tairi Kipara

Kiatu cha kutembea mbali kwenye maji na tope mimi nakijua kuliko mtu yeyote hapa Garissa, na sisemi hivyo kwa sababu duka ni langu. Nasema kwa sababu nilijifunza kwa wivu, na mtu akijifunza kwa wivu hasahau. Shule nilifika darasa la tatu, basi. Leo nina duka la milango miwili pale mtaa wa Iftin, na watu wa ofisini wananishikia kiatu mbele ya uso na kuniuliza, "Mzee, hiki kitafika?" Nami nawajibu.

Miaka ile ya tisini duka halikuwepo. Nilikuwa na mkeka, kisu, nyundo na msharasi wa kutobolea, chini ya kibanda cha mabati karibu na soko la mifugo. Nilikuwa fundi wa akala, vile viatu vya tairi vya wachungaji. Sikukata tairi lolote tu. Nilitafuta la lori ambalo bado lina meno marefu ya kuzamisha ncha ya kidole. Mtu akipita vumbini na akala zangu anaacha nyayo kama lori dogo. Kwetu tunasoma nyayo kabla ya kusoma karatasi, na kila asubuhi nikitoka nyumbani nilikuwa naangalia chini: huyu wangu, huyu wangu, yule pia wangu. Mji mzima ulikuwa unatembea juu ya kazi ya mikono yangu. Wallahi, nilikuwa natembea polepole makusudi, nizione zote.

Kisha ikaja ile mvua ambayo mtu wa Garissa anaikumbuka bila kuulizwa ni mwaka gani. Tana ikafurika. Laga, ile mito yetu ambayo mwaka mzima ni mchanga mtupu, zikajaa maji, na udongo mweusi ukawa uji. Malori yakakwama mpaka kwenye ekseli. Kila safari ikawa ya miguu.

Mke wangu alikuwa anauza maziwa ya ngamia. Zamani maziwa yalimjia kwa lori kutoka kambi ya ndugu zake, upande wa barabara ya Masalani. Sasa ikabidi ayafuate mwenyewe. Anatoka baada ya swala ya alfajiri, anavuka laga ya kwanza, anakata uwanda wa tope, anavuka laga ya pili, anafika kambini na kulala huko. Kesho yake anarudi na mtungi mgongoni. Nikamkatia akala mpya, meno marefu kuliko yote niliyowahi kuyapata.

"Hizi hata tingatinga lingezitamani," nilimwambia.

"Allah akulipe, baba watoto," akasema.

Siku hizohizo akaja yule jamaa. Alikuwa Mborana wa upande wa Wajir, mrefu, mpole, Kisomali chake kidogo, kwa hiyo tulisemezana Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa njia yake. Akatandika gunia mkabala na mkeka wangu. Hakuwa na nyundo, hakuwa na hata msumari mmoja. Na tairi zenyewe ni zile ambazo madereva wanatupa: kipara kabisa.

"Warya, wewe," nilimwambia siku ya kwanza, kwa sauti ili soko lisikie, "unakata viatu au unazika tairi?"

Watu wakacheka. Yeye hakuinua kichwa. "Nakata tu, mzee. Mvua itasema."

Mvua ikasema. Hazikupita wiki mbili, wachungaji wakaanza kutoka kwangu kwenda kwake. Kutoka mkeka wangu mpaka gunia lake ni hatua sita. Mtu anakuja, anakusalimia vizuri, anauliza habari za watoto, anamsifu Mungu kwa mvua, halafu anazipiga zile hatua sita mbele ya macho yako. Nilichukia gunia lake, nilichukia vidole vyake virefu, nilichukia mpaka anavyopiga chafya. Asubuhi nikiangalia chini nilikuta nyayo laini, bapa, kama mtu amepiga tope kwa kiganja. Kila siku zinaongezeka.

Alasiri moja nikaenda kumpokea mke wangu njiani, maana mtungi ni mzito. Nilichelewa, tukapishana pasipo kuonana. Nilipofika mwisho wa mji, pale tope linapoanzia, nikaziona nyayo zake zikielekea mjini, meno yangu yamesimama vizuri kabisa. Nikafurahi. Nikazifuata kinyume, kwa kujifurahisha tu, mpaka kwenye kichaka cha mathenge, ule mti wa miiba. Hapo meno yakaisha.

Upande wa pili wa kichaka, kutoka laga ya kwanza, nyayo zilikuwa laini. Mke wangu mguu wake wa kushoto huangalia nje kidogo. Ningeujua hata kati ya nyayo za soko zima. Na hizo laini, mguu wa kushoto ulikuwa unaangalia nje. Mahali pa kukaa palikuwa pamekandamizwa majani. Hapa alikaa, akavua hizo laini, akavaa zangu.

Nilisimama pale mpaka inzi wakanizoea. Kwenye shida mke wangu alivaa kazi ya mwanamume mwingine, na yangu aliivaa kuingilia mjini, kama nguo ya Idi.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye lile gunia.

"Nani alikuonyesha mguu wa mke wangu?"

Watu wakaacha kupatana bei, wakageuka. Mwanamume ukimkatia akala anakanyaga juu ya tairi, unamchora kwa chaki, umemaliza. Mwanamke wa kwetu haweki mguu mbele ya fundi asiye wake. Anavunja kijiti urefu wa unyayo wake, anatuma mtu. Yule jamaa akanyanyua kamba aliyofungia vijiti vyake.

"Mguu wa mwanamke mimi sijaona. Nimeona kijiti."

"Nani alikileta?"

"Mama mmoja mzee. Alileta viwili, kingine chake mwenyewe."

"Mama gani huyo?"

Akajikuna shingo. "Huyo anayekuletea chai hapa kila siku saa nne."

Mama yangu mzazi! Ananipa chai, ananiombea dua, halafu anazipiga hatua sita. Soko lilicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Yeye hakucheka. Akaniinamia, akasema chini ili wengine wasisikie: "Mzee, usigombane na mimi. Vaa zako mpya, nenda mpaka laga ya pili, rudi. Zikirudi zote mbili, nakunja gunia naenda Wajir."

Nyumbani niliuliza habari za maziwa tu. Nilingoja mke wangu aondoke tena kwenda kambini, na kesho yake asubuhi nikafuata njia yake, miguuni nimevaa akala bora kuliko zote nilizokuwa nazo.

Laga ya kwanza maji yalifika mapajani. Ukanda wa ngozi ukalowa, ukavimba, misumari ikaanza kucheza. Nikasema si kitu. Halafu nikaingia kwenye tope. Tope likajaa kwenye meno, na lile lililojaa likakamata lingine, mpaka kila mguu ukawa kama nimeubebesha mtoto wa miaka miwili. Nakwangua kwa kijiti, natembea hatua kumi, limejaa tena. Mwezi mzima nilikuwa nimeona malori yakikwama na tairi mpya, nikawacheka madereva. Meno ni ya mchanga na mawe. Kwenye tope jeusi meno ni kikapu.

Laga ya pili ilimaliza kazi. Katikati ya maji ukanda wa kushoto ukang'oka pamoja na misumari yake na akala ikaenda zake. Nikafika ng'ambo na mguu mtupu, na hatua ya pili mwiba ukaingia, tii. Nikakaa ukingoni nikiutazama mguu wangu kama wa mtu mwingine.

Ndipo nikamwona anakuja kutoka kambini, mtungi mgongoni. Nilitazama miguu yake kabla ya uso. Alikuwa anainua mguu, tope linaanguka lenyewe, anainua mwingine, tope linaanguka. Kisigino kilikuwa kimefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu, tope linavuta lakini kiatu hakitoki. Kizuri. Nilitamani kulia kwa jinsi kilivyokuwa kizuri.

"Baba watoto, unatafuta nini huku?"

"Natembea."

"Na akala moja?"

Akatua mtungi, akachomoa pini kwenye shungi lake, akautoa mwiba. Nikamuuliza, "Kwa nini kichakani? Si ungeingia nazo tu mjini, kila mtu aone?"

"Kwa sababu wewe unaangalia chini," alisema. "Kila asubuhi. Nilitaka ukiangalia uone zako."

Hilo lilinichoma kuliko mwiba.

Siku tatu sikutandika mkeka. Nilikwenda kwa malori yaliyokwama nikaokota tairi kipara, nikalifunika gunia kama mtu aliyeiba mbuzi. Msumari sikutumia. Nilitoboa pembeni mwa soli, nikapitisha ukanda ndani nikauvuta, kama nilivyomwona yule akifanya. Ngozi nikaiacha, nikatumia tyubu, maana tyubu hainywi maji. Kisigino nikakifunga nyuma. Kila kitu nilikiiba kwa macho, na nilikiiba vizuri.

Lakini nilipozijaribu kwenye tope nyuma ya nyumba, roho ikaniuma upya. Unyayo ulikuwa laini tu. Nani atajua ni wangu au ni wa yule? Nikachukua kisu, nikachora chini ya kila soli alama tunayowachoma ngamia wa nyumba yetu, duara na mstari katikati, nyembamba isishike tope.

Mke wangu alizigeuza juu chini. "Sasa mimi ni ngamia wako?"

Nikamwonyesha zangu. Nilikuwa nimechora alama ileile. Hakucheka. Akazitia kapuni juu ya zile za yule jamaa, akaondoka.

Kesho yake tangu adhuhuri nilikaa kwenye kile kichaka. Kesi yangu ilikuwa moja tu: atakaa hapa avue za yule, au atapita na zangu? Wachungaji walipita, wakanisalimia, wakanitazama kwa huruma, nikawaambia natafuta kivuli. Mathenge ule kivuli chake hakifuniki hata kuku.

Akatokea. Akaja, akaja, akapita kichaka bila kupunguza mwendo.

"Utakaa hapo mpaka lini?" akasema. "Mtungi mzito."

Niliinuka, lakini kwanza niliangalia chini. Kutoka laga mpaka kwenye vidole vyangu: duara na mstari, duara na mstari, wa kushoto ukiangalia nje.

Yule jamaa alirudi Wajir barabara zilipokauka. Alienda kwa kupenda mwenyewe, sikumfukuza mimi, na hata hilo linaniuma. Zile akala za jamaa mke wangu alimwachia wifi yake kambini, kwa hiyo ziliendelea kutembea. Na mama yangu zake za yule jamaa hakuzibadilisha kabisa. Nilimkatia jozi yenye alama, akanishukuru, akaitundika ukutani.

Siku hizi mteja akiniuliza kiatu cha kuvuka laga, namwambia: bila meno, bila msumari, kisigino kifungwe nyuma, maji yapate pa kutokea. Akiniuliza nani alinifundisha, namwambia hakuna, ni kichwa changu tu. Na mke wangu, ambaye siku hizi hukaa nyuma ya kaunta, hukohoa.