Nyumba ya Urithi, Haiwekwi Rehani

Nichekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka natamani kujizaba kibao.

Hapa Kilwa Masoko nilishajivika cheo cha mwekezaji. Nilitaka kuweka rehani nyumba aliyotuachia marehemu baba, benki inipe mkopo nijenge gesti. Ndugu zangu sikuwaambia. Benki ikasema nyumba ikatiwe kwanza bima ya moto.

Tatizo lilikuwa ukuta wa nyuma. Mwaka jana ndugu zangu walipotaka kuiuza, nilichukua rangi nyekundu nikaandika kwa mkono wangu: NYUMBA YA URITHI. HAIUZWI, HAIWEKWI REHANI. Chini nikaweka namba ya simu. Sasa nikapaka chokaa kufuta, wekundu ukachungulia. Basi nikapanga magunia ya maganda ya korosho mpaka juu, nikajiona mjanja kweli.

Afisa wa bima, kijana mpole, alizunguka nyumba akipiga picha. Kufika nyuma akasimama.

"Samahani, mzee wangu. Maganda haya yana mafuta, yakishika moto nyumba imekwenda. Tuyaondoe kwanza."

Kabla sijamzuia, akayavuta. Maandishi hayo, mekundu!

"Aa, hayo kaandika dada yangu Somoe," nikasema haraka. "Ana jazba sana yule, mambo ya uwekezaji hayajui."

"Basi ngoja nimpigie tumsikie," akasema, akaibonyeza namba ya ukutani.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Kijana akanitazama kwa adabu zote.

"Pokea, dada."